Kibao cha Theoneste

Jumapili, 3 Machi 1996

Leo mtu wa pili wa kwenye gemu katembea tena peke yake. Watu wamejaa sebuleni baada ya misa, TV inawaka kwa betri, watoto wa jirani yetu Leonadi wanacheza gemu. Kibao cha pili cha kuchezea hakuna aliyekishika. Mtu wa pili akaanza kwenda kulia, kulia, mpaka ukutani. Mtoto mmoja akasema ni Theoneste anacheza. Wakatoka mbio, mmoja kaacha kiatu.

Kibao hicho kaka yangu Theoneste alikitengeneza mwenyewe. Mbao, kijiti cha kusukuma, batani za bati. Halafu mwaka 94 akavuka kwenda Rwanda kumtafuta mama mdogo Uwimbabazi. Hajarudi. Hakuna habari. Mama hataki tukae matanga, hataki padri amtaje na marehemu. Nyumbani tuko wawili, kila jioni anampakulia sahani yake, ya tatu.

Leonadi kasema nikate waya, nifunge kibao kipya nilichotengeneza, hiki cha zamani kiende jikoni kikapike maharage. Mama alikuwa mlangoni.

"Mtoto wangu hajafa. Waya zake hazikatwi."

Mimi nikaokota kile kiatu. Nikiwa na watu maneno hayatoki.

Lakini usiku huu nawaza — iwepo njia ya kuchomoa. Kitoke chake, kiingie kingine. Akirudi, chake kinachomekwa tena.

Jumanne, 5 Machi

Kayanga kwa baiskeli. Mvua kuanzia Nkwenda.

Risasi ya kuunganishia waya sitaki. Ukishachomelea ndiyo basi. Dukani wana konekta za skrubu, nikachukua. Kwa fundi Muhangi gereji kuna zile za gari, dume na jike, moja kwa kila waya. Nimezigeuzageuza muda mrefu, Muhangi akaniuliza natafuta plagi au mchumba. Wote gereji wakacheka. Nikaona aibu, nikanunua bila kuuliza kitu.

Jumatano, 6 Machi

Skrubu — hapana. Zinatafuna waya. Nimefungua na kufunga mara chache tu, waya ukakatika.

Dume na jike nimejaribu kwenye kibao kipya, zinashika vizuri. Shida waya ni saba na zinafanana. Nimekosea, nikisukuma mbele mtu anaruka, nikibonyeza kuruka anarudi nyuma. Nimefunga nyuzi za rangi. Mama kanipa za kushonea. Kauliza, "Hii haitamkata?" Nikasema haikati, Mama. Ni kama mlango.

Akaniangalia. Akaenda kumenya ndizi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudi kwa Muhangi. Anazo plagi nzima za gari bovu, kila moja matundu tisa na ulimi pembeni. Ukiigeuza haiingii. Haiwezekani kukosea! Ndiyo hii. Nimechukua jike moja na dume mbili, dume moja kwa kila kibao. Muhangi kasema hongera, mahari umelipa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefungua kibao cha kaka upande wa chini. Mara ya kwanza tangu aondoke.

Waya kazisokota kwa mkono wa kushoto. Yeye kabisa. Nilikaa kwanza.

Ndani kunanata. Sisimizi wengi. Batani zimelowa, maji yamepita toka bati moja hadi jingine. Ni kama kuna mtu kabonyeza. Basi ndiyo sababu anatembea! Si mzimu, ni maji. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Nikanusa. Rubisi.

Mimi pombe sinywi. Mama ameacha tangu Jumatano ya Majivu. Watoto hawaruhusiwi kuingia na kikombe. Nani kamwaga? Na si mara moja — chini kumekauka, juu ni mbichi.

Nimeacha kucheka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefuta, nimekausha juani. Nimefunga plagi. Chake kimeingia, kimetoka, kipya kimeingia. Vyote vinafanya kazi. Nimerudisha chake. Mtu wa pili katulia. Mama kaja kuangalia, kauliza mbona hatembei. Nimesema nimemtengeneza.

Hakusema asante.

Jumapili, 10 Machi

Misa sikumaliza. Tumbo. Mama naye hakwenda, alisema mguu.

Nimeingia kwa nyuma. Yuko sebuleni kapiga magoti, kashika kile kibuyu kidogo cha bibi. Anadondosha rubisi kwenye kibao, pale kijiti kinapoingia. Kidogo kidogo. Anaita jina la Theoneste, anamwambia kwa Kinyarwanda anywe, asimkasirikie.

Bibi alikuwa anamdondoshea marehemu babu hivyo hivyo. Aliye hai hadondoshewi. Aliye hai anapewa kikombe.

Aliniona. Hakuficha kibuyu.

Nikamuuliza, "Mama, nani alikuambia?"

Akafuta kibao kwa kanga, taratibu, kama anamfuta mtoto mdomo. Akasema, "Sasa unaweza kukata."

Akaenda jikoni. Sikukata. Nimechomoa tu, nimeweka kipya. Leonadi na watoto wamekuja, wamecheza, wamefurahi. Kibao cha kaka nilikipakata mapajani, waya zinaning'inia. Leonadi kasema unaona sasa, nilikuambia.

Jioni Mama kapakua. Sahani mbili tu.

Sikumuuliza tena. Hajasema nani, hajasema wapi. Amelala.

Nimekichomeka chake tena. Plagi imeingia bila shida. Nimewasha, sauti nimezima. Mtu wa pili amesimama pale pale. Rubisi ya leo bado mbichi, lakini hatembei. Betri inaisha, picha inakuwa ndogo. Nimeondoa mikono yote miwili na bado namngoja aende kulia.