Kwa Boke Simioni wa Nyamwaga, Aliyekunywa Chai Yangu

Mfuniko wa birika unagonga kabla hakujakucha, Boke, na mimi bibi yako nafungua mdomo kukuita. Halafu nakumbuka. Mwaka mmoja umetimia tangu ulipotuacha, na bado naamka saa ileile.

Ulikuwa fundi wa sare za shule. Vitambaa vilivyobaki hukuvitupa. Uliwashonea viraka watoto ambao hawakukuomba, wakaondoka wakionyeshana kaptula zao.

Vali ya moyo wako ilikuwa mbovu tangu utotoni. Daktari kule hospitali ya mjini alisema utapasuliwa, ila damu yako ilikuwa kidogo. Baba yako mdogo Erasto akasimama. "Mura, kijana wangu, damu tunayo! Nikipiga yowe moja tu kule kwetu, wanakuja wanaume thelathini."

Daktari akacheka. "Asante, mzee. Lakini damu ya mtu mwingine ina hatari zake. Tunataka tumwongezee kidogo iwezekanavyo. Kwa hiyo aje na yake ya kutosha."

Akakupa vidonge vya kuongeza damu, vya miezi mitatu.

Kila alfajiri nilikuletea kidonge na kikombe cha chai ya rangi, nzito, ya moto, ili dawa isikuchome tumbo. Ulimaliza yote. Ulisema, "Asante, bibi," ukanirudishia kikombe ukiwa umekwisha kukisuuza.

Tuliporudi hospitali, damu ilikuwa haijapanda. Nesi akauliza vidonge unamezea nini.

"Chai," ukajibu.

"Chai? Chai inazuia hiyo dawa isiingie mwilini, inamezwa kwa maji! Nani kakufundisha hivyo?"

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako. Ukanishika mkono chini ya kanga, ukasema, "Ni mimi tu, nesi. Mimi napenda sana chai."

Hukuwahi kupenda chai, Boke. Tangu mdogo ulikuwa mtu wa uji.

Upasuaji ukasogezwa wiki sita. Moyo wako haukufika huko. Wiki ya nne tulikukuta umeinamia cherehani, shati la mtoto wa watu likiwa na mkono mmoja.

Wanaokuja kunipa pole wanasema ni mapenzi ya Mungu. Naenda kanisani, narudi vilevile nilivyokwenda. Kama ungenilaumu hata mara moja, labda ningepata pa kuanzia kuomba msamaha.

Unakumbukwa na baba yako Simioni, mama yako Efrazia, baba yako mdogo Erasto, mdogo wako Teddy, na mimi bibi yako Agustina. Hatutakusahau hata siku moja.

Wakati wa kuvuna mahindi ulinijia ndotoni. Ulisimama mlangoni, ukaenda zako. Njoo tena, mjukuu wangu. Njoo alfajiri. Nimekuwekea maji.