Shingo ya Sanamu

Kitengela, 3 Juni 2025

Yeyo mama yangu, nakusalimu: takwenya. Natumai goti limepoa na nyumbani wote ni wazima. Mimi niko salama, kazi ya kurekebisha simu inanilisha.

Sanamu ya kutishia nyani inakuja na pikapu ya Kyule. Shingoni nimeiwekea mota ndogo ya servo, inageuza kichwa mchana kutwa kwa nguvu ya jua. Wewe uiwekee kichwa na uivalishe tu. Najua Baba amesema nyani wakimaliza nyanya msimu huu tena, shamba litarudi kuwa malisho. Mwambie ng'ombe wake wangoje sana.

Binti yako,
Seleyian

Kajiado, 11 Juni 2025

Seleyian mtoto wangu, nimepokea salamu zako. Goti linasumbua lakini natembea. Baba yako ni mzima, na anacheka, hiyo ndiyo shida.

Sanamu yako nimeiwekea sufuria kuwa kichwa; inatazama upande wa barabara, inafika kwenye tangi la maji, inarudi. Basi. Nyani wameisoma siku hiyo hiyo, sasa wanaingia kutoka nyuma. Wamemaliza laini nzima ya nyanya. Baba yako anasema umetuletea mlinzi mwenye shingo ngumu.

Nimempa Kyule shingo na mota yake akurudishie. Shamba hili siliachi, lakini siwezi kukimbiza nyani na goti hili.

Yeyo wako

Kitengela, 17 Juni 2025

Yeyo, pole kwa goti na kwa hiyo laini. Mwambie Baba shingo imelainika.

Mota hii huongozwa na ishara fupi za umeme, na urefu wa ishara ndio huiambia igeuke wapi. Nilitumia urefu wa kawaida, ndiyo maana ilikuwa inakwenda robo ya mduara. Sasa ile ishara fupi nimeifupisha zaidi na ile ndefu nimeirefusha, pole pole, mpaka mota ikaanza kunguruma. Ndani kuna kizuizi, ukilazimisha meno ya gia yanavunjika, kwa hivyo nikarudi nyuma kidogo. Nikapata nusu ya mduara. Halafu nimeweka gia kubwa kwenye mota na ndogo kwenye shingo: mota ikienda nusu, kichwa kinazunguka chote.

Shingo inarudi na Kyule, ila nguvu yake imepungua. Toa ile sufuria uliyoifanya kichwa, weka kibuyu kitupu.

Binti yako,
Seleyian

Kajiado, 29 Juni 2025

Seleyian, sisi wazima. Wewe unakula vizuri huko?

Kibuyu kinazunguka chote, kazi safi. Na nyani mmoja mkubwa alikuja akakaa miguuni pa sanamu, akala nyanya akiitazama usoni. Nilitaka kulia.

Baba yako alikuwa amesimama kwenye ua. Akaniuliza, "Hiyo nguo ni ya nani?" Nikamwambia ni leso yangu. Akasema, "Si ndio hiyo sasa. Nyani haogopi mama, anaogopa mwanamume. Mmewawekea mama." Nilikasirika, nikuambie ukweli, kwa sababu aliiona hiyo leso tangu siku ya kwanza akanyamaza.

Nilienda ndani. Niliporudi, alikuwa ametoa shuka yake nyekundu na anaifunga kwenye sanamu.

Yeyo wako

Kitengela, 4 Julai 2025

Yeyo, shikamoo na pole kwa hasira. Mimi nakula, usiogope. Nimejicheka: gia nimezipima wiki nzima, nguo sikuuliza hata mara moja.

Shuka imesaidia? Au Baba atasema ni ushindi wake?

Binti yako,
Seleyian

Kajiado, 14 Julai 2025

Seleyian wangu, tumeamka salama, goti pia.

Nyani wanakaa kwenye mawe ng'ambo, wanatazama, hawashuki. Baba yako anakubali kwamba mwaka juzi aliweka shuka juu ya mti na wakaizoea mara moja, kwa sababu haikugeuka. Kwa hivyo ushindi mgawane.

Nyanya tumeanza kuchuma. Kuhusu malisho hajasema kitu, na mimi sikumuuliza. Lakini Jumamosi alichukua panga akaenda kukata miiba, akaanza kuzungushia kile kipande cha pili cha shamba, kilicho karibu na tangi, ambacho bado hatujalima. Nimempelekea chai huko huko. Sasa niulizie hapo Kitengela mbegu nzuri ya vitunguu.

Yeyo wako