Mafuta ya Makonyo Kwenye Barakoa ya Kombo

Jumatatu, 7 Septemba 1959

Gatini Wete saa kumi na mbili na nusu. Nimepaka grisi pampu, nimekagua mpira wa hewa pima kwa pima. Mzima. Shemeji Kombo, kaka yake mke wangu Bi Mize, kashuka mara tatu kukwangua chaza kwenye nguzo. Wapagazi wanamwita biarusi kwa ile barakoa yake. Wacheke. Ni dude la mpira na kioo, linaziba uso wote toka kipaji hadi kidevu, na hakuna hata mmoja wao atakayethubutu kulivaa majini.

Mie fundi baiskeli, gatini nimechukuliwa kutunza pampu tu, lakini hili nililielewa siku ya kwanza. Watu wawili wanasukuma pampu, hewa inakwenda na mpira hadi shavuni mwa barakoa. Pale pana vali: inaruhusu hewa iingie, na mpira ukipasuka inajifunga hewa isirudi. Vali ya baiskeli hasa. Ya pili iko kidevuni. Kijimpira cha duara, chembamba kama ganda la kitunguu. Kombo akitoa pumzi kinafunuka, akimaliza maji yenyewe yanakibana. Kisipokaa sawa, maji yanaingia. Roho ya mtu imekaa hapo.

Jumanne, 8 Septemba

Kombo analalamika. Barakoa inanuka mpira mkuukuu na mate ya waliomtangulia. Leo kapanda, katapika. Nimemwambia aniachie mie.

Jumatano, 9 Septemba

Nimeisafisha kwa mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu. Nyumba gani Pemba haina chupa ya mafuta ya karafuu? Jino likiuma, mafuta. Mgongo, mafuta. Kabati likinuka, mafuta. Msimamizi wa kazi alituamuru sabuni na maji ya mtungi tu. Yeye katoka Mombasa, anajua nini? Nimepangusa ndani kote, na vali zote mbili, nikazidisha kidevuni maana ndiko mate yanakojaa. Imenukia hiyo! Kombo kacheka, kasema sasa ndiyo biarusi kweli. Nimejiona bingwa.

Alhamisi, 10 Septemba

Kombo kapanda kidevu kimelowa. Anasema maji yanapenya. Nimemwambia ni jasho lake, nikamkaza mikanda. Kanitazama. Kashuka tena.

Ijumaa, 11 Septemba

Kazi nusu siku. Ilinipasa nifungue vali nitazame. Kanzu yangu haijapigwa pasi, nikawahi nyumbani, kisha msikitini. Sikuifungua.

Jumamosi, 12 Septemba

Subhanallah.

Kombo alikuwa pima tatu chini, mie nimeshika kamba. Povu likaja vibaya. Jingi, kisha kimya, kisha jingi. Kamba ikavutwa mara nne, maana yake nipandishe. Nikapiga kelele, "Sukumeni! Sukumeni, msiache!" kwa sababu hewa ikizidi ndani inayatoa maji kwa kidevuni. Tukamvuta. Nilipomvua barakoa maji yalimwagika kama ya ndoo. Midomo imegeuka rangi. Kakohoa, katapika, kanishika mguu. Hai. Alhamdulillahi.

Msimamizi kasema Kombo kaingiwa na woga, kajifungulia barakoa mwenyewe, mwoga hafai kazi hii, Jumatatu aondoke. Kombo hakuwa na pumzi ya kujibu. Mie nilikuwa nayo. Nimenyamaza. Hata hapa naona haya kuandika.

Baadaye nimefungua vali ya kidevuni. Kijimpira kimevimba, kingo zimejikunja. Kinanukia karafuu.

Jumapili, 13 Septemba

Asubuhi nimekata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kimoja nimekitia kwenye kikombe cha mafuta ya makonyo, kimoja kwenye maji. Alasiri cha majini kiko vile vile. Cha mafuta kimevimba, kinavutika kama unga uliokandwa. Basi ni mie. Nilijua tangu jana, nilikuwa natafuta pa kujificha tu.

Bi Mize kampelekea kaka yake uji. Karudi analia. Nani atampa tena kazi ya chini ya maji mtu aliyeitwa mwoga mbele ya gati zima? Nikajitia natafuta spana.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimekwenda gatini na vali na vile vipande viwili. Nimesema mbele ya wote: mie ndiye. Nilipaka mafuta niliyokatazwa. Kombo aliniambia maji yanapenya, nikamwambia jasho. Hana kosa hata chembe. Msimamizi kakibonyeza kile kijimpira, kikamkatikia vidoleni.

Kombo kabaki kazini. Mie nimefukuzwa saa ile ile. Haki yangu.

Kombo kanifuata hadi mwanzo wa gati. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga. "Shemeji, Alhamisi nilikwambia." Basi, hilo tu, kageuka karudi.

Alhamisi, 17 Septemba

Vali mpya imekuja jana na meli kutoka Unguja, leo Kombo anashuka nayo mara ya kwanza. Bi Mize anasema Kombo anaikagua mwenyewe sasa. Anavaa barakoa, anaziba mdomo wa mpira kwa kiganja, anavuta pumzi. Ikimganda usoni, anashuka. Isipomganda, hashuki. Hamwachii mtu yeyote. Ndivyo inavyotakiwa.

Nilikuwa dukani kwangu kwa baiskeli toka asubuhi. Nimeziba pancha, nimenyoosha rimu, rimu hiyo hiyo mara mbili. Chakula alichoniwekea Bi Mize sikukigusa.

Saa saba Bi Mize kaja mwenyewe, buibui kalishika mkononi kwa haraka. Anasema kaka yake kapanda. Kidevu kikavu. Salamu za Kombo hakuniletea, nami sikuuliza. Nimenawa mikono, nikala.