Tantine Amemkuta Mungu wa Bahari Chini ya Godoro

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na unisamehe kama mwandiko unakimbia, maana tangu Jumatatu moyo haukai mahali pake. Mimi ni msichana wa darasa la kumi, darasani huwa siongei kabisa, lakini mwalimu wa historia amenichagua kusimulia Ijumaa mbele ya shule nzima habari za Benthesikime, mungu mke wa bahari wa Wagiriki wa kale, ambaye karibu hakuna anayemjua, nami nilimkuta katika mistari michache ya kitabu cha maktaba, na fikiria, alikaa huku huku Afrika, Ethiopia, na mama mmoja alipomtupa mtoto wake mchanga baharini, Poseidoni, mungu mkuu wa bahari na baba yake Benthesikime, alimwokoa akamletea yeye, naye akamlea kama wake. Nikamchora kwa rangi, nywele zimesukwa, mtoto mgongoni, nikaificha picha chini ya godoro kwa aibu, na tantine Henriette, shangazi yangu mwenye saluni Isipingo, aliyenilea tangu tutoke kwetu Uvira, akaikuta akitandika.

"Huyu Mamba Muntu iko anafanya nini humu?"

Nikajibu ni mungu wa bahari. Hapo nikaharibu kabisa.

"Carmel, unalala juu ya mwanamke wa majini anayeiba watu, halafu tunashangaa huongei?"

Sasa Ijumaa siendi shule, napelekwa kwa pasta Anatole kuombewa. Sitaki kumdanganya tantine, lakini sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka kusimama pale. Nifanye nini?

Carmel, Clairwood

Carmel, hongera kwa kuchaguliwa. Sasa nikukaripie. Mtu akikuta mwanamke wa baharini amefichwa chini ya godoro, ulitaka adhani ni hesabu? Wengi wetu tulikua tukiogopeshwa kwa hadithi za watu wa majini, na tantine wako anakulinda kwa hofu aliyonayo. Usimcheke. Mimi umeniandikia hadithi nzima, yeye umempa maneno manne.

Kesho ukitoka shule nenda saluni. Ngoja awe katikati ya kusuka kichwa cha mteja, hapo hawezi kuondoka. Anza na mtoto aliyetupwa, bahari iache baadaye, na upaze sauti, mashine za kukausha nywele zina kelele. Mteja akiuliza "kisha?", umeshinda nusu. Mweleze tantine wazi kwamba shuleni hakuna anayemwabudu huyo mama, ni somo la historia, na mwalimu ampigie simu kuthibitisha. Akitaka bado pasta aombe, kubali, lakini iwe Alhamisi, naye aombee sauti yako isikatike.

Ijumaa mwalike, akae mbele. Ukifika pale Benthesikime anapompokea mtoto wa mtu mwingine, usiangalie karatasi. Mwangalie tantine.