Babu wa Kujipachika

Alhamisi. Theluji inamwagika tangu alfajiri na lifti imegoma tena. Sijali. Aliyekaa leo ghorofa hii ya kumi na saba, St. James Town, ni mjukuu halisi wa padri wa Kiingereza, na jina langu linaingia kwenye kitabu cha historia ya parokia yao.

Uongo. Mimi si mjukuu wake.

Padri Artha alimbatiza baba yangu kule kwetu Masasi, akampa na jina lake. Ndiyo maana mimi ni Yona Artha. Hakuoa, hakuzaa, na kijiji kizima tulimwita Babu. Alipochoka alirudi kufia kwao, parokia ya mashambani yenye kanisa moja, baa moja, na kondoo wengi kuliko waumini.

Mwezi uliopita nikaona kwenye mtandao kwamba Bi Doroti, mama mmoja wa huko, anakusanya habari za familia za parokia ile. Nikamtumia picha ya padri akiwa na baba. Naye akaahidi kunipigia picha ya kaburi. Kwa Kiingereza changu cha darasa la nne nikaandika: huyu ni babu yangu. Hapo niliteleza tu, naapa. Akauliza, babu kwa upande gani?

Nikajibu, kwa baba.

Hapo sikuteleza. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Leo barua pepe yake imenikausha kicheko. Mpwa wa padri, bibi wa miaka tisini, kila Jumapili hukaa kanisani chini ya kibao cha ukutani chenye jina la mjomba wake. Sasa ameambiwa mjomba alizaa Afrika akanyamaza. Anataka kibao kishushwe. Wazee wa kanisa wanakaa kikao jioni hii ya leo, na jioni yao kule ni mchana wetu huku, ng'ambo ya pili ya bahari.

Binti yangu Neema alisoma, akavua miwani.

"Baba, umemchafua mtu aliyeko kaburini. Piga simu sasa hivi."

Nikasema ulikuwa utani. Akaniwekea simu mkononi.

Nikampigia Bi Doroti, na woga kuliko wa siku niliyokwenda kuposa. Alisikiliza, kisha akampa simu mpwa mwenyewe, kumbe alikuwa hapo hapo kwake. Nikamwambia yote, hata kile kicheko cha jikoni.

"Sasa kwa nini mlimwita babu?" akauliza.

"Mama, kwetu mzee tunayempenda hatumwiti jina lake."

 

"Siku zake za mwisho alikuwa akisema ameacha wajukuu huko," akasema. "Sisi tulidhani akili imemruka."

Akasema anavaa koti aende kikaoni. Akakata.

Sasa ni saa tisa alasiri. Kikao hakijaisha. Chai imepoa, Neema haniongeleshi, na simu naitazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

Bi Doroti, Neema atakuandikia haya kwa Kiingereza cha kueleweka. Kitabuni nifute, ni haki yako. Lakini picha yangu ulishaipata, na ile ya kaburi bado nakudai. Usipalilie kwanza. Nataka nione mnamtunzaje Babu.