Gauni la Mama Lisiloisha

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana nimekwama kwenye gauni.

Mimi ni fundi cherehani, nimeshonea maharusi mpaka wakaniletea sare za shule za watoto wao, na sijawahi kumchelewesha mteja zaidi ya siku mbili, lakini safari hii mteja ni mama yangu mzazi na gauni analotaka ni la kuzikwa, kwa sababu madaktari wamesema hakuna tena cha kufanya, arudi nyumbani apewe dawa ya maumivu na chochote roho yake inachopenda, na roho yake, mshauri, inapenda kupanga mazishi. Kila Alhamisi jioni wanakwaya wanajazana chumbani kufanya mazoezi ya nyimbo alizochagua, naye ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni, anawakatiza, "Sauti ya tatu mnaburuza, mnanizika mimi au mnasukuma gari bovu?" na wote wanacheka, hata mchungaji, mimi nakimbilia jikoni kujifanya nachemsha chai. Kitambaa kachagua mwenyewe, cheupe chenye vijiua vya buluu, akasema nimwekee na mfuko, nikamwuliza mfuko wa nini, akasema wa miwani, "nisije nikampita baba yako mlangoni mwa mbinguni."

Sasa ngoja nikiri. Gauni hilo nimelimaliza mara nne, na mara nne nimelifumua, leo nasema kwapa linavuta, kesho nasema kola imekaa upande, kumbe halina kasoro hata moja, ila moyoni nimejiambia kwamba lisipoisha, mama haondoki. Juzi kanishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi niko tayari, wewe ndiye bado," nikakimbilia tena jikoni. Na Jumapili ni mimi ninayewafundisha watoto habari za ufufuo, kwa picha na nyimbo, halafu upindo wa gauni unanishinda. Je, imani yangu ilikuwa ya mdomoni tu? Nifanyeje?

Fundi aliyeshindwa na gauni

* * *

Fundi wangu,

Pole sana. Natanguliza pole kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitasimama.

Hivi unadhani Mwenyezi Mungu anasubiri upindo wako ndipo amwite mtu? Siku za mama yako hazimo kwenye kopo lako la pini. Kifo hakifumuliki kwa wembe, fundi. Kinachochakaa hapo ni kitambaa tu, tena cha mteja.

Kuhusu imani, acha kujitukana. Yesu alijua kwamba muda si mrefu atamtoa Lazaro kaburini, na bado alilia. Aliyekuwa na uwezo wa kumwamsha alilia, sembuse wewe? Lia, na ulie mbele ya mama yako, achana na hiyo chai ya uongo. Tumaini letu ni kwamba Kristo aliingia kaburini akatoka, na walio wake watatoka naye. Mama yako analiamini hilo mpaka amekumbuka miwani. Nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini huo mfuko umenifariji kuliko yote.

Sasa nisikilize. Wiki hii limalize. Upindo ushone kwa mkono, kando ya kitanda chake, umpe miwani akukague. Asiyewahurumia wanakwaya hatakuhurumia wewe. Ukishalipiga pasi, usilifungie kabatini. Nani husafiri na nguo asiyoijaribu? Jumapili mvalishe, mtafutie gari, aende nalo kanisani akiwa hai, watu wamsifie, mwenyewe ajue limemkaa. Likiingia doa, utalifua.

Na lile neno ulilolikimbia, rudi ukalijibu leo. Usimdanganye kwamba uko tayari. Mwambie tu, "Mama, bado, lakini nashona." Atakuelewa, yeye ndiye aliyekuzaa.

Mfuko upige mshono mara mbili. Miwani isidondoke.