Nimelimwagia Maji ya Moto Waridi la Mama Mkwe

Mpendwa Bi Ordelle, naomba unisaidie kabla hofu haijanimaliza.

Mama mkwe wangu, Marlys, ana waridi dogo, kichaka kisichonifika magotini na maua yasiyozidi kifungo cha koti, lililokuwa kwenye kopo kando ya kitanda cha hospitali cha binti yake Joleen, na Joleen alipofariki mama akalipanda nyuma ya nyumba, na kila mwaka kabla ya baridi kali huilegeza mizizi upande mmoja, akalilaza kwenye mtaro na kulifukia, kama tufanyavyo huku Minnesota, lakini safari hii nyonga inamsumbua, akaenda mapema Arizona kwenye joto, akanishika mkono mlangoni akaniambia, "Mkwe wangu, nakuachia wewe. Usiniulie na hili."

Nikalifukia vizuri, naapa, udongo kisha majani juu, lakini baridi ikaja kabla ya theluji, ardhi ikawa ngumu kama sakafu, nami nikaanza kuwaza kwamba limekufa, basi baridi ilipolegea kidogo Januari nikasema nichungulie tu, koleo likagoma, nikachemsha birika nikamwaga, nikachemsha tena nikamwaga, nikayafikia matawi, mengine meusi, mengine yametafunwa na panya, na kabla sijamaliza kufukia baridi ikarudi, maji yote yakaganda palepale juu yake.

Mume wangu Curt anacheka tu. "We mwanamke, unalipikia waridi chai?" Hajui kwamba mama akipiga simu Jumapili na kuuliza, "Limelalaje mwanangu?" mimi najibu, "Salama kabisa, Mama." Hajui pia kwamba nimenunua jingine dukani, rangi ileile, nimelificha chumba cha chini, nilipande mahali pake kabla mama hajarudi. Je, atalijua? Naogopa sana kumpoteza, kwa sababu mama yangu mwenyewe sinaye.

Mkwe mwenye hofu, Fergus Falls

Mwanangu,

Pole sana. Na hilo birika lirudishe jikoni! Nani alikufundisha kumwagia maji ya moto ardhi iliyoganda? Sote huku tunasimama dirishani Januari tukiwaza kilicho chini, lakini koleo tunaliacha bandani. Kila ukifukua kuangalia kama liko hai, unalipelekea baridi uliyokuwa umeizuia isifike.

Barafu usiivunje, utakata mizizi. Funika palipo wazi kwa udongo wa mfuko wa dukani, rudishia majani makavu, kisha rundika theluji safi juu yake, si ile ya barabarani yenye chumvi. Ukimaliza, ondoka. Ardhi ikilegea yenyewe mwezi wa Aprili, lifunue kidogo kidogo, kata matawi yote meusi hata kama ni mpaka chini, na usilikatie tamaa kabla ya Juni. Mawaridi madogo ya kopo kama hilo kwa kawaida husimama kwenye mizizi yake yenyewe, hayakupandikizwa kwenye shina la waridi jingine. Mizizi ikiwa hai, litakalochipua ni lilelile la Joleen.

Hilo la dukani mpe jirani. Unauliza kama atalijua? Atalijua kabla hajavua koti! Na siku hiyo atakuwa amepoteza waridi na mkwe kwa mpigo mmoja. Panya na barafu atavisamehe, kwa sababu naye ni mtu wa huku. Lakini zile "salama kabisa" za kila Jumapili zitamuuma, na kadiri unavyoziongeza ndivyo zitakavyomuuma zaidi.

Kwa hiyo usingoje Jumapili. Piga simu leo, wewe mwenyewe, wala usimtume Curt. Sema, "Mama, nililifukua, nimelidhuru, nikakudanganya, na sijui kama litaamka." Usijitetee. Huenda akafoka, mwache afoke. Huenda akalia, na hatakuwa analilia waridi. Usikate simu mpaka amalize.

Bi Ordelle